Nta Kwenye Ndoo za Mboga

Jumamosi, tarehe nane Februari 1997, nilikuwa nimeketi kizingitini mwa nyumba yangu ya walimu huko Siakago, nikikata pete za mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Siku hiyo naikumbuka kwa tarehe yake kwa sababu niliiandika kwa wino mzito ubavuni mwa ndoo ya kwanza, kama mzazi anavyoandika siku ya kuzaliwa kwa mtoto. Ndoo ile ningali nayo. Siku hizi naitilia vibanio vya nguo, na kila ninapoanua nguo naisoma tarehe ile, nipende nisipende.

Rafiki yangu alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kigoda, ameshika ncha moja ya tyubu na kuivuta ili mkasi usiteleze. Alifundisha sayansi kimu katika shule ile ile niliyofundisha kilimo, na nyumba yake, iliyokuwa ndani ya boma la mama mkwe wake, ilitenganishwa na yangu kwa ua wa minyaa tu.

"Mwalimu," aliniambia, "hiyo mkasi ya kushona unaiua leo. Kesho utakata kitambaa na meno."

"Meno nayawekea sukuma wiki."

"Sukuma gani? Hiyo bado iko kwa ndoto?"

"Shika vizuri, wewe."

"Nimeshika! Hebu niambie, kwenu Mitunguu mlikuwa mnakata hizi pete pia, ama nyinyi mlikuwa mnafungua tu maji yanakuja yenyewe, mnaoga mpaka mnachubuka ngozi?"

Nilicheka hadi nikakata pete moja upande. Aliichukua, akaivaa kidoleni, akanionyesha mkono kama bibi harusi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Yeye ndiye aliyenipokea nilipopelekwa Siakago, mwanamke wa Meru niliyelelewa kando ya mashamba ya ndizi yanayonyweshwa kwa paipu. Alinifundisha kuoga kwa maji ya sufuria moja nikiwa nimesimama ndani ya karai, kisha kuyatumia maji hayo hayo kupigia sakafu deki. Alinifundisha kuweka mitungi yangu kwenye foleni ya punda waendao mtoni, na kumjua mwenye punda ambaye hujaza mtungi mpaka shingoni. Alinitafsiria maneno ya Kimbeere yaliyonipita, maana lugha hiyo na Kimeru changu hukaribiana bila kulingana. Mbele ya wanawake wengine aliniita dada, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa pale, neno hilo lilinifungulia milango ambayo cheti changu cha chuo kisingeifungua.

Mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia zilikuwa zimetukataa. Mboga zilizouzwa sokoni zilitoka Manyatta kwa lori, na kufikia saa sita majani yake yalikuwa yamelegea kama vitambaa vya kufutia vyombo. Nikakumbuka jambo nililoliona chuoni, kilimo kisichotumia udongo: mmea huoteshwa kwenye ndoo iliyojaa kokoto na mchanga uliooshwa, ukalishwa kwa maji yaliyoyeyushiwa mbolea kidogo. Karibu na kitako cha kila ndoo hutobolewa tundu na kupachikwa paipu fupi. Paipu fupi zote huungana na paipu moja ndefu iliyoinama, nayo huyarudisha maji taratibu, kutwa nzima, kwenye pipa lililo chini. Asubuhi na jioni mtu huyachota maji yale yale na kuyamimina juu tena. Hakuna kinachopotea ila kile kilichonywewa na mmea na kile kilichochukuliwa na jua. Katika nchi kavu kama ile, hesabu hiyo ilinivutia sana. Udongo wa Siakago ni mchanga mtupu. Ukiumwagia maji, yanaondoka kabla hujaweka kopo chini.

Niliwaeleza wanawake wa kikundi cha kanisa, nao wakapenda. Kikwazo kilikuwa maji ya kuanzia. Kanisa lilikuwa na tangi kubwa la saruji lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na tangi hilo lilifungwa kwa kufuli. Maji yake yalikuwa ya wageni, ya ubatizo na ya harusi. Wanawake wale, ambao ndio waliobeba mchanga na mawe ya kulijengea, hawakuwa wamewahi kuchota humo kwa ajili ya nyumba zao. Mzee wa kanisa aliyeweka ufunguo alikubali, baada ya kuombwa mara nyingi, kwamba tuchukue maji kwa ajili ya ndoo zile, na kwamba majaribio yakienda vizuri, wanawake wapewe ufunguo wao wenyewe na siku zao za kuchota. Kisha akaweka sharti.

"Lakini nikiona maji yamemwagika," alisema, "ufunguo unarudi kwangu, na msiniulize tena mpaka nife."

"Hayatamwagika," nilimjibu.

Wanawake walinitazama. Nilielewa walichokuwa wakikitazama. Kwangu mimi zile zilikuwa mboga. Kwao ulikuwa ufunguo. Mwenye ufunguo hakuwa na haja ya kuamka alfajiri na kuteremka mtoni na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo sikuogopa wadudu wala maradhi ya majani kama nilivyoogopa uvujaji. Ndoo tulizotumia zilikuwa zile nyeupe za mafuta ya kupikia, tulizozinunua kwenye hoteli za sokoni, na ndoo kama hizo hazikutengenezwa kutobolewa. Nilijifunza, kwa kuharibu chache, kwamba tundu litobolewe kwa nondo nyembamba iliyopashwa moto, liwe dogo kuliko paipu yenyewe, na lisiwe kwenye mstari ule mwembamba ambapo plastiki imeungana. Ukingo ulioungua ukwanguliwe kwa wembe, kwa maana donge dogo tu la plastiki hubakiza njia ya maji. Ncha ya paipu ikatwe mshazari, ilainishwe kwenye maji ya moto, ivutwe kwa koleo mpaka ipite kwa kubanwa. Kisha pete moja ya mpira ndani na nyingine nje, zote zenye tundu dogo kuliko paipu, zisukumwe mpaka zilale bapa ukutani mwa ndoo. Mafuta yaoshwe kwanza kwa sabuni na majivu, ama sivyo mpira haushiki. Uzito wa maji huikandamiza pete ya ndani. Kadiri ndoo inavyojaa ndivyo inavyojiziba.

Jambo la mwisho nililisisitiza kuliko yote. Kila ndoo ijazwe maji kabla ya kupandwa kitu, itandaziwe majivu makavu chini yake, na iachwe juani mpaka adhuhuri ipite. Majivu hayafichi. Tone moja likianguka, huacha doa jeusi. Ni lazima iwe adhuhuri, kwa sababu paipu zetu zilikuwa nyeusi, na paipu nyeusi katika jua la Siakago haishikiki kwa mkono. Plastiki hutanuka, viungo hulegea, na kilichokuwa kikavu asubuhi hulia saa saba.

Safu ya kwanza tuliifunga pamoja, mimi na yeye, kwenye uwanja wa kanisa kando ya tangi. Majivu yake yalibaki meupe. Wanawake walipiga vigelegele na bibi mmoja, mkongwe kuliko wote kikundini, ambaye sote tulimwita cucu, aliinama akachukua majivu kidogo kwa kidole, akayanusa.

"Makavu kama uso wa mkamwana wangu," alisema, na mkamwana mwenyewe akacheka kwa nguvu kuliko wote.

Tulikuwa bado hatujaifunga safu ya pili nilipopata habari kutoka Mitunguu kwamba mama yangu ameanguka na hawezi kuinuka. Nilipewa ruhusa shuleni. Jioni ile nikifunga mkoba, rafiki yangu aliketi kitandani kwangu akikunja nguo zangu bila kuombwa. Nilimkabidhi kopo la majani ya chai lililojaa pete za mpira nilizokwisha kuzikata, za kuitosha safu nzima.

"Usiharakishe," nilimwambia. "Na majivu ni ya adhuhuri."

"Ya adhuhuri, ndiyo mwalimu. Nenda kwa mama."

Hapo, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umelegea, nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimeomba uhamisho. Mume wangu alifanya kazi Embu na nyumba yetu ilikuwa Manyatta. Tulikuwa tumechoka kuonana mwisho wa mwezi kama wageni. Sikujua ombi lingekubaliwa lini, au kama lingekubaliwa. Nilitaka kwanza ndoo zisimame na ufunguo ufike mikononi mwa wanawake, ndipo niwaambie mwenyewe.

Alilaza blauzi yangu juu ya magoti yake na kuinyoosha kwa kiganja.

"Sasa nitagombana na nani?" aliuliza.

"Usiwaambie."

"Mimi? Nimwambie nani? Wee, hiyo imeingia kaburini."

Mama yangu alikaa kitandani kwa siku nyingi kabla ya kuanza kula. Nje ya dirisha lake maji ya paipu yalikuwa yakinyunyiza migomba usiku na mchana, na paipu moja iliyopasuka ilimwaga maji njiani bila mtu yeyote kujishughulisha nayo isipokuwa bata. Niliitazama paipu hiyo kila asubuhi. Siku moja nilitoka, nikaifunga kwa kipande cha tyubu. Mama aliniona kutoka kitandani, akaniuliza kama huko nilikoolewa na kazi walikuwa wamenifanya fundi.

Niliporudi Siakago sikupata mtu wa kunipokea. Hilo pekee lingetosha kunionya, maana niliposafiri hata kwa siku mbili, wanawake wa kikundi walikuwa na desturi ya kupita kunipa pole ya njia. Asubuhi yake nilikutana na cucu langoni mwa shule akiwa na kuni mgongoni. Nilimsalimu. Aliitikia, lakini hakusimama.

"Mwarimu, maji imeisha," alisema, akiendelea kutembea. "Tangi imebaki matope."

Nilikwenda kwa rafiki yangu. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Shuleni tulipishana kwenye veranda naye akasema yuko na darasa. Nilimwamini. Hata jioni, nilipoona taa ndani ya nyumba yake na hakuna aliyeitikia hodi yangu, bado nilijiambia kwamba huenda amelala.

Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa aliwazuia wanawake wa kikundi wabaki. Walikaa kwenye mabenchi ya mbele. Rafiki yangu alikaa upande wa ukuta, pembeni mwa mama mkwe wake, na kati yangu naye paliachwa nafasi ya watu watatu. Mzee alieleza kwa utaratibu, bila kupaza sauti, jinsi maji ya tangi yalivyokuwa yakichotwa kila jioni kujazia pipa, na pipa likikutwa tupu siku iliyofuata, na mboga zikinyauka juu ya yote. Chini ya ndoo hapakuonekana tope wala dimbwi. Wengine walishuku wezi. Wengine walishuku mambo ambayo hawakuyataja kanisani.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "wewe ulisema maji haitamwagika."

"Nilisema hivyo. Na safu ya kwanza haikumwagika, mlishuhudia. Lakini safu zote zimeunganishwa na paipu moja. Safu moja ikivuja, maji ya zote huondoka. Ningeomba tukaangalie safu ya pili, viungo vilivyofungwa nikiwa sipo."

Nilisema hivyo bila nia ya kumshtaki mtu. Niligeuka kumtazama rafiki yangu ili asimame, aeleze walivyofunga, tushirikiane kutafuta kosa. Alisimama kweli. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili.

"Mimi nilifuata vile alinionyesha," alisema. "Kama kuna makosa, ni ya hiyo maarifa yenyewe. Na wacha niseme ukweli, kwa sababu tuko kanisani. Mwalimu hakuwa na haja na hii kazi. Ameomba transfa. Anaenda kwake Manyatta. Alijua ataenda, ndio maana alituachia."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alimtaja Mungu, "Ngai," kwa sauti ya chini. Cucu alinigeukia taratibu.

"Ni kweli, mwarimu? Unahama?"

Ningesema nini? Ilikuwa kweli. Katika maneno yake yote hilo lilikuwa la kweli, na alikuwa amelichagua kwa sababu hiyo, ili ukweli wake uubebe ule uongo wa kwanza mgongoni.

"Nimeomba," nilisema. "Nilitaka kuwaambieni mwenyewe."

"Lini?" aliuliza mwingine. "Ukiwa kwa gari?"

Wengine walicheka, kicheko kile cha watu walioumia. "Wa Mitunguu," alisema mkamwana wa cucu, "kwao maji ni ya kuchezea." Mzee alinyoosha mkono, na mweka hazina wa kikundi, aliyekuwa amepewa ufunguo kwa muda wa majaribio, akaufungua kutoka kwenye ncha ya leso yake alimokuwa ameufunga fundo. Fundo lilikuwa gumu. Ilimbidi atumie meno. Wakati wote huo mimi nilitazama meno yake yakihangaika na fundo lile nikitamani lisifunguke.

Jumatatu wakati wa mapumziko ya chakula nilikwenda uwanjani mwa kanisa peke yangu. Pipa lilikuwa tupu, lakini nilikuwa nimebeba maji ya mtungi wangu. Nikayamimina juu ya safu ya pili, nikatandaza majivu niliyoyabeba kwenye gazeti, nikaketi kivulini mwa tangi kusubiri. Mwanzoni majivu yalibaki meupe. Jua liliposimama wima doa la kwanza likatokea, kisha la pili, kisha majivu yote chini ya safu ile yakawa meusi na maji yakapotelea mchangani papo hapo bila kuacha dimbwi. Nilipiga magoti nikagusa kiungo. Kilikuwa laini, chenye kunata. Nilipoleta kidole puani kilinukia asali.

Mtu yeyote aliyekulia Siakago angeielewa harufu ile. Huko wafugaji wa nyuki ni wengi na nta haikosekani nyumbani. Kibuyu kikipasuka, ufa hushonwa kwa uzi wa kamba, kisha hupakwa nta iliyokandwa na majivu, na kibuyu hicho hutunza uji au maziwa kwa miaka. Nimekunywa uji kutoka kwenye vibuyu vya aina hiyo na sijaona tone likitoka. Lakini kibuyu hukaa ndani, gizani, na ganda lake huinywa nta na kuishika. Plastiki haishiki nta, huivaa tu. Na paipu nyeusi saa saba ni jiko. Kila adhuhuri, watu wakiwa mashambani na shuleni, nta ile ililainika ikaachia maji. Kila jioni ilipopoa, ikaganda tena mahali pake, kavu, safi, haina hatia. Waliokuja kukagua asubuhi au jioni hawangeona kitu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye jiko la sayansi kimu. Alikuwa akipanga sahani. Juu ya rafu, kando ya chumvi, niliona kopo langu la majani ya chai. Nililifungua. Pete zilikuwa zimejaa mpaka juu, kama nilivyomkabidhi.

"Hukutumia hata moja," nilisema.

"Zilikuwa ngumu kuingia." Hakunitazama. "Wamama walikuwa wananiharakisha, miche inakauka kwa karatasi. Mama mkwe akasema, si tuzibe na nta, vile sisi tumeziba vitu tangu zamani? Nikaona ni kitu ya maana. Sikujua itayeyuka. Haki sikujua."

"Hilo nalielewa. Hata mimi nisingejua, kama nisingegusa paipu zile." Nilikuwa nikisema kweli. "Lakini ulijua kwamba siyo nilivyokuonyesha. Jana ulisimama kanisani ukajua hivyo."

Aliweka sahani juu ya nyingine, polepole, isilie.

"Ningesema nini? Niseme ni mama mkwe? Mbele yake? Mimi naishi kwa boma yake. Wewe utaenda. Ukifika Manyatta hakuna mtu anajua ulimwaga maji ya nani. Mimi nitazeeka hapa. Nitazikwa hapa. Kila siku nikipita kwa tangi wataniambia, ni huyu."

"Na siri yangu? Ile iliyoingia kaburini?"

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nami nikakasirika zaidi kwa sababu ya machozi hayo, kwamba hata hayo alitaka kuwa nayo yeye.

"Hawangeniamini bila hiyo," alisema.

Nimeliwaza jibu hilo kwa miaka mingi. Nta nilimsamehe siku ile ile, kabla sijavuka uwanja wa shule. Hata uongo, nikijua alivyomwogopa mama mkwe wake, ningeweza kuuzoea. Lakini alikuwa amekaa kitandani kwangu akinyoosha blauzi yangu, akaweka akiba neno langu, na siku ilipohitajika alijua mahali pa kulipachika ili lizibe. Alifanya kazi ile kwa ustadi zaidi kuliko alivyofunga ndoo.

Nilimwendea mzee wa kanisa nyumbani kwake. Sikumtaja mtu, nilimweleza tu kwamba safu ya pili ilizibwa kwa nta na kwamba nta huachia maji kwenye joto. Nilimwomba aje adhuhuri aone mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akamwita mkewe alete kibuyu kilichotundikwa jikoni, akakipokea na kukipapasa kwenye mshono wake.

"Hii ni ya marehemu mama yangu," alisema. "Imezibwa na nta kabla nioe. Haijawahi kuvuja. Mwalimu, nta ni yetu. Usije kutuambia nta yetu ndiyo mbaya, na paipu ni yako."

"Njoo tu uone."

"Nimeona tangi," alijibu. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari juu ya kiti chake.

Nilielewa basi kwamba hata ningemvuta mkono mpaka uwanjani, macho yake yangeona kile alichokuja nacho. Kosa la nta lingeaminika tu likitoka kinywani mwa mtu wao. Alfajiri iliyofuata niliwasikia wanawake wakipita nyuma ya nyumba yangu kwenda mtoni, wakiongea kwa sauti za usingizi. Zamani mmoja wao angegonga dirisha langu kwa mzaha.

Uhamisho ulifika mwishoni mwa muhula. Sikufanyiwa chai ya kuagwa. Nilibeba ndoo moja tu, ile yenye tarehe. Rafiki yangu alisimama upande wake wa minyaa wakati mizigo inapakiwa; aliinua mkono kidogo, nami nikajifanya ninafunga kamba ya godoro. Manyatta nilikuta mvua imeanza. Maji yalitiririka kwenye mitaro ya barabara siku kutwa, na kila nilipoyaona nilikumbuka leso yenye fundo.

Katikati ya Aprili nilimpa mwanamke muuza mboga aliyekuwa akienda soko la Siakago kopo na bahasha. Niliyoyaandika ndiyo haya:

"Dada,

Sina jina lingine nililozoea kukuita, kwa hiyo nimeliacha hilo.

Mvua ikifika huko, tangi litajaa tena na wanawake wataendelea kulipita wakienda mtoni. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mimi sina haja ya kusafishwa jina. Kama ulivyosema, huku hakuna anayejua nilimwaga maji ya nani.

Toa nta kwenye safu ya pili, ubakize ndoo moja. Kwangua kwa wembe, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kidole kisiteleze. Ndoo ambazo matundu yake yamepanuka ziache, toboa nyingine mpya, matundu yawe membamba kuliko paipu. Lainisha ncha ya paipu kwenye maji ya moto, uvute kwa koleo. Pete moja ndani, moja nje. Ni kweli ni ngumu kuingia. Zikiingia kwa urahisi hazitafaa.

Ile ndoo moja iache na nta yake kama ilivyo. Mwite mzee, mwite mama mkwe wako, waite wote, mchana, jua likiwa katikati. Tandaza majivu chini ya ile yenye nta na chini ya nyingine yenye pete. Kaeni kivulini msubiri pamoja. Hawataniamini mimi, nilijaribu. Wewe watakuamini, ukiwaambia mkono uliopaka ni upi. Huhitaji kumtaja mama mkwe. Sema ni wewe, na useme kwamba sikukuonyesha hivyo. Baada ya hapo omba ufunguo.

Usiposema, mimi pia sitasema. Sitaandika kwa mzee wala kwa cucu. Lakini ukija Embu kwa shughuli zako, usipite kwangu kunywa chai. Siwezi kukaa na wewe chumba kimoja nikipima kila neno kabla ya kulitoa.

Machozi yako niliyaona. Sijui niyafanyeje.

Kopo ni la majani ya chai, kama lile la kwanza. Nimekata pete nyingine upya, maana zile za kwanza huenda jua limezikausha kwenye rafu. Mara hii zitumie."